Muulize Fundi: Viporo saba na cherehani moja

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Pasua hapa Moshi, nina watoto watatu na cherehani ya miguu niliyoachiwa na shangazi yangu. Kushona najua. Kinachonishinda ni kumaliza. Jana usiku nimehesabu viporo vyangu, vimefika saba: gauni la sendofu la mdogo wake jirani yangu, sketi nne za kwaya, sare ya mwanangu wa darasa la tatu, shati la kitenge la baba mkwe, mapazia ya sebuleni, suruali ya mume wangu inayotaka zipu mpya, na mfarishi wa viraka wa kujifunika wa mama yangu mzazi aliyeko Kibosho. Huo mfarishi niliuanza mwaka jana mwezi wa saba, baridi ikiwa kali na mama analalamika magoti. Nimekata viraka vingi, viko ndani ya beseni chini ya kitanda, na nikifagia lile beseni linanitazama. Nikishika kazi moja moyo unanivuta kwenye nyingine, nikirudi shule nimechoka, madaftari yanasubiri kusahihishwa, na sasa Desemba inakuja na wageni wa kutoka Dar wakiwa na vitambaa mkononi. Niwe nakesha? Au huo mfarishi niuache tu? – Mwalimu, Pasua

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea hapa Majengo, natazama kazi zangu zilizotundikwa ukutani. Mfarishi usiuache, na kukesha usikeshe. Mfarishi ndio nitakaokaa nao kwa kirefu, lakini kwanza tupunguze hiyo saba.

Zipu ya suruali ni kazi ya nusu saa. Imekaa kwa sababu haipendezi kuishika, nakuelewa. Leo jioni fumua ile ya zamani wakati wa taarifa ya habari, kesho uishone, imekwisha. Mapazia yapeleke Januari. Yaliyopo dirishani bado yanaziba. Gauni la sendofu lina tarehe na lina mwenyewe, kwa hiyo ndilo la mbele, na huyo binti aje kulijaribisha wiki nzima kabla ya siku yake, isiwe jana yake. Sketi nne za kwaya ni kitambaa kimoja na patani moja: zikate zote Jumamosi moja asubuhi. Nasema asubuhi kwa makusudi. Mimi usiku sikati kitambaa cha mtu. Mshono ukipinda unafumuliwa, lakini mkasi ukishapita umepita. Usiku ni wa kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kukunja pindo kwa mkono, kufumua, kushikiza vifungo.

Halafu naomba unisikilize juu ya mifuko. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nakata kazi zote juu ya meza moja na kuziacha hapo hapo. Ijumaa moja, siku mbili kabla ya kipaimara, nilikuwa naunga gauni jeupe la binti wa jirani. Mkono wa kushoto sikuuona. Nilitafuta chini ya meza, ndani ya droo, kwenye gunia la mabaki, mpaka nikaenda kwa jirani mwingine aliyekuwa amechukua nguo yake mchana kuuliza kama haukwenda naye. Kitambaa cha kukatia mwingine kilikuwa kimekwisha na dukani kile cheupe hakikuwepo tena. Nilikata mikono mipya yote miwili kwa kitambaa nilichodhani kimefanana, lakini hakikufanana. Kanisani, juani, gauni lilikuwa na weupe wa aina mbili, na yule mtoto alikuwa ameona. Ule mkono niliuokota wiki iliyofuata, umejikunja ndani ya mapazia ya mteja mwingine niliyokuwa nimeyakunja haraka haraka. Mpaka leo nikikumbuka uso wa yule mtoto roho inaniuma.

Tangu siku ile kila kazi ina mfuko wake. Yale mapande makubwa yanayobaki nayashona mifuko yenye kamba, naitundika kwenye misumari ukutani. Ndani ya mfuko mmoja kuna vipande vyote vya kazi hiyo, uzi wake, zipu yake, vifungo, na kikaratasi. Kikaratasi hicho ndicho kitakachokuokoa wewe mwalimu. Juu kuna vipimo. Chini yake, kila ninapoinuka, naandika kazi inayofuata, kwa maneno ya kufanyia kazi: “Bega la kulia bado”, “Piga pasi kola kabla ya kuunga.” Wewe una dakika ishirini kati ya kufika nyumbani na kuinjika sufuria ya ugali. Ukizitumia kukumbuka uliishia wapi, zimekwisha. Ukisoma kikaratasi, umeshona bega.

Sasa mfarishi.

Umeuweka kama kazi ya saba, inayosubiri zile sita ziishe. Mwanangu, hazitaisha. Nyumba yenye cherehani haikosi suruali ya kutia zipu. Mfarishi wa viraka hausubiri zamu. Unashonwa katikati ya kazi nyingine, kwa mishono ile ile unayoshona kila siku. Nikueleze ninavyofanya.

Panga viraka viwili viwili, uso kwa uso, rundo likae karibu na mkono wako wa kulia. Unapotaka kushona ubavu wa sketi ya kwaya, anza na viraka viwili. Vishone mpaka mwisho. Usikate uzi wala usivitoe. Piga mishono miwili mitatu bila kitambaa, kisha ingiza ubavu wa sketi na uushone, ukifunga mwanzo na mwisho wake kama unavyofunga siku zote. Ukimaliza sketi, mishono miwili mitatu tena, ingiza viraka vingine viwili, vishone, simama sindano ikiwa bado imevishika. Sasa kata uzi nyuma yake, uitoe sketi na uitenganishe na vile viraka vya mwanzo. Sketi iko mkononi, na chini ya sindano kuna viraka vinavyosubiri mshono unaofuata. Ukiendelea hivyo, kila mshono wa nguo unazaa jozi moja ya viraka.

Utaona na faida nyingine. Unajua cherehani za miguu zinavyopenda kusokota uzi chini mwanzoni mwa mshono na kumeza ncha ya kitambaa chepesi. Kwa mtindo huu mshono wa nguo unapoanza nyuzi zimeshashikwa, kitambaa kinaingia kimenyooka. Na hupotezi vile vijiuzi virefu vya kukata kila mara. Rangi ya uzi isikusumbue, mshono wa viraka uko ndani; nyuzi za bluu za kwaya zitaunga viraka vya manjano bila mtu kujua. Tahadhari moja tu, uzi mweusi usiunge viraka vyeupe, utaonekana kwa chini.

Tupige hesabu. Umesema viraka umekata ila hukusema ukubwa. Tuseme ni inchi 6 na nusu kila upande, ukiacha robo inchi ya mshono pande zote vinabaki inchi 6. Kitanda cha mama kama ni tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72, mfarishi wa inchi 72 kwa 84 utamwangukia inchi 6 kila ubavu na inchi 12 miguuni. Hivyo ni viraka 12 kwa 14, jumla 168. Ukivipanga viwili viwili ni jozi 84. Zile sketi nne, sare, shati na gauni, kwa ninavyojua mimi nguo, havikosi mishono 60. Maana yake kabla hujamaliza kazi za watu jozi 60 zitakuwa zimeungwa, na hukuukalia mfarishi hata jioni moja. Jozi zikikamilika zipige pasi, anza kuziunga zenyewe kwa zenyewe kwa mtindo ule ule, upate vipande 42 vya viraka vinne vinne. Hivyo vipange safu 7 za vipande 6, na shule zikifungwa Desemba ndipo uukalie: safu zile ndefu zinataka meza tupu na watoto wawe nje.

Robo inchi uiheshimu. Ukikosea kwa unene wa uzi tu, mara viraka 12, safu moja inakuwa fupi kuliko mwenzake na pembe hazikutani. Pima robo inchi kutoka kwenye tundu la sindano kwenda kulia, bandika kipande cha plasta juu ya bati la cherehani, ukingo wa kitambaa uteleze hapo. Kitenge kipya ambacho hakijafuliwa usikichanganye na kilichovaliwa. Kifue kwanza peke yake mpaka maji yatoke meupe. Chekundu na bluu ya giza ndizo zinazosumbua zaidi.

Lile beseni litoe chini ya kitanda. Mabaki ya kukatwa yakae mbali, lakini viraka vilivyokwisha katwa viwe kwenye kopo au kikapu pale pale kwenye cherehani, mkono ufike bila kuinuka.

Na wageni wa Desemba. Tunawapenda, ni ndugu zetu wanarudi nyumbani, na kila mmoja ana kitenge anachotaka kukivaa kanisani Krismasi. Mimi kuanzia tarehe 1 Desemba sipokei nguo mpya hata ya binamu. Nasema: “Kitambaa chako ni kizuri, sitaki kukiharibu kwa haraka. Niachie vipimo, Januari nitakushonea vizuri.” Wengine wananuna, wachache wanaacha kitambaa. Wewe una darasa zima la watoto asubuhi, watatu wengine jioni, na mama wa Kibosho. Sema hapana ukiwa umesimama mlangoni, kabla kitambaa hakijaingia ndani. Kikishawekwa mezani inakuwa vigumu.

Mama utamfunika kabla baridi ya mwezi wa sita haijashuka. Niandikie ukifika safu ya mwisho.

Fundi, habari za kazi? Mimi ni kijana, najifunza ushonaji hapa Sakina, Arusha. Nimeshona viraka vya vitenge vya kutosha kitanda cha nne kwa sita. Katikati niweke nini? Nimeshauriwa sponji nyembamba ya kuwekea makochi. – Msomaji, Sakina

Salama kijana wangu, hongera kwa kufika hapo. Sponji hapana. Inashika maji, haikauki upesi, na baada ya muda inamumunyika ndani, ukikung'uta mfarishi unatoka unga. Nenda soko la Kilombero siku ya mitumba utafute blanketi jepesi, laini, lililotumika lakini halijatoboka. La zamani ni zuri zaidi kwa sababu limeshafuliwa na kunywea. Jipya linaweza kunywea likiwa ndani na kukuvutia viraka vyako makunyanzi. Lifue hata hivyo, lianike, lipige jua pande zote.

Kwa mgongo shona pande mbili za kitenge au shuka moja, iwe kubwa kuliko viraka inchi mbili kila upande. Itandaze sakafuni uso chini, ivute mpaka itulie, juu yake blanketi, juu yake viraka uso juu. Anza kupiga bandi kutoka katikati kwenda nje, kama jua linavyotoa miale. Ukianzia pembeni utafika katikati na tumbo la kitambaa ambalo halina pa kwenda.

Usijaribu kupitisha yote hayo kwenye cherehani ndogo siku ya kwanza. Funga kwa mafundo. Chukua uzi mnene wa kutarizi, ingiza sindano kutoka juu mpaka chini pale pembe nne za viraka zinapokutana, itoe juu robo inchi pembeni, rudia mara moja, funga fundo mara mbili, kata ukiacha mikia ya nusu inchi. Mafundo yasiachane zaidi ya inchi 6, blanketi lisije likatembea ndani mfarishi ukifuliwa. Kazi hii inafanyika umekaa kitandani, redio ikiwa imewashwa, na ukiitwa unaacha fundo lolote ulilofikia bila kupoteza kitu. Bandi zitoe baada ya kuzungusha utepe wa pembeni, usizitoe kabla.