Fremu ya titani iliyotumika: ikague kwanza

Ndugu, umesema fremu ya baiskeli yako ya chuma imeliwa na kutu hapo Mombasa, na umepata ya titani iliyotumika. Kwa kutu usiwe na wasiwasi: chumvi ya bahari haiigusi, hata rangi haihitaji, na ni nyepesi.

Shida ni nyufa. Yangu ilipasuka karibu na pedeli, ufa mwembamba kama unywele. Fundi wa kuchomelea mtaani usimpe kabisa. Titani ya moto hulindwa kwa gesi ya argoni ndani na nje, la sivyo inakuwa rahisi kuvunjika, inakatika. Mtafute anayeijua kazi hiyo, na si rahisi kumpata.

Ioshe, pitisha kucha kwenye kila kiungo. Palipochomelewa pakiwa kijivu kilichofifia, iache, usiinunue. Bomba linaloshika kiti likigoma kutoka kwenye fremu, iache pia.