Simu itunze fedha, mkutano ubaki

Swali la wiki liliuliza kama vikundi vya akina mama vijijini bado vina haja ya kukutana kila mwezi, wakati fedha siku hizi zinatumwa kwa simu. Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa huku milimani Lushoto: tunaweka akiba kwa kununua hisa, tunakopeshana, na mwisho wa mwaka tunagawana. Nasema haja ipo, tena kubwa.

Nadhani muulizaji anadhani tunakutana ili kukabidhiana noti. Noti ni kazi ya nusu saa. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanazo akina mama watatu ambao si viongozi. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza: mwezi uliopita tulifunga na shilingi ngapi? Kwetu anayewahi kujibu ni bibi mmoja asiyejua kusoma, na anataja mpaka zile mia mbili za mwisho. Ndipo wahesabu fedha wanamwaga kila kitu kwenye beseni na kuhesabu kwa sauti. Ole wake mhazini, hesabu ya beseni ipishane na ya bibi! Baada ya hapo hisa zinagongewa muhuri vitabuni, na faini za waliochelewa zinakusanywa (hizo ndizo zenye kelele).

Shughuli yenyewe ni mikopo. Anayetaka kukopa anasimama na kusema anataka kiasi gani, na cha nini: mbegu za viazi, mbolea kabla ya masika, sare za watoto Januari. Wenzake wanalijua shamba lake, na hawamwonei haya. "Mama Hadija, kabichi imeshuka bei pale Soni, utarejesha na nini?" Katiba yetu inamruhusu kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, lakini wengi huketi wakiwa wamekubali pungufu ya walichoomba.

Linganisha na kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani mwenye riba ya kukamua. Yule hakuulizi habari za shamba, anaandikisha godoro lako kuwa dhamana na kukupa hela siku hiyo hiyo, mume hajui, jirani hajui. Hapa kijijini nimeona godoro likibebwa mchana kweupe. Na mkopo wa kikundi ukipitishwa kwa simu, wajumbe watabofya "nakubali" huku wanasonga ugali, nani atauliza bei ya kabichi?

Halafu kuna halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ni ya wanawake. Ukienda kuomba bila usajili na mihtasari ya vikao, utarudi mikono mitupu.

Mkutano una ubaya wake, sikatai. Mwezi mbaya, mtu asiye na hata hisa moja hukwepa kuja kwa aibu, na faini ya utoro inamwongezea mzigo. Sisi tumeruhusu aje atoe mchango wa mfuko wa jamii tu, ule wa kusaidiana kwenye shida, na hakuna kumhoji.

Simu naikubali kwenye ulinzi. Karibu na Desemba sanduku huwa nono na kila kibaka anajua liko nyumba gani. Mwaka huu tumekubaliana kwamba ziada yote iingie kwenye akaunti ya kikundi ya simu. Tutaanza kuzitoa siku tatu kabla ya siku ya kugawana, kidogo kidogo, maana wakala wetu fedha zake taslimu ni za kubahatisha.