Vivuli vya Mbao na Mchoro Ulioungua

SWALI: Mhariri, katika maonyesho ya sanaa niliona chapa ya zamani inayoonyesha kuuawa kwa mtakatifu msituni. Maelezo yalisema ilichapwa kwa mbao na John Baptist Jackson kutokana na mchoro wa Titian, mchoraji wa Venice wa karne ya 16, lakini rangi zake zilikuwa za kahawia tupu. Vivuli vile vilipatikanaje kwa mbao, na je, chapa hiyo yaweza kutuonyesha mchoro wenyewe ulivyokuwa?

JIBU: Ulichokiona huitwa kiaroskuro, neno la Kiitaliano linalounganisha mwanga na giza. Mchongaji hakutumia kibao kimoja bali kadhaa, kila kimoja kikiwa na wino wa kiwango chake, kuanzia hafifu hadi uliokolea, na karatasi ileile ilikandamizwa juu ya kila kibao kwa zamu. Sehemu iliyochongwa ikaondolewa haishiki wino. Kwa hiyo ule weupe unaong'aa begani au usoni si rangi hata kidogo, ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Ugumu mkubwa ulikuwa kuilaza karatasi pale pale kila mara, kwa sababu ikisogea kidogo tu, kivuli huachana na kiungo chake.

Mchongaji wa Kiitaliano Ugo da Carpi aliiomba Seneti ya Venice mwaka 1516 imlindie ufundi huo, akidai ni wake mpya, ingawa msanii Hans Burgkmair alikuwa amekwisha kuutumia Ujerumani mwaka 1508. Hata hivyo tusimdharau. Wajerumani kwa kawaida walikamilisha picha kwa kibao cha mistari, kisha wakaongeza rangi nyuma yake, ilhali yeye, katika kazi zake bora, aliviachia vibao vya vivuli vijenge umbo vyenyewe, na hivyo akaweza kueneza michoro ya kidini ya Raphael, mchoraji mashuhuri wa Italia, kwa watu ambao wasingefika Roma.

Jackson, Mwingereza aliyefanya kazi Venice, alifuata njia hiyo zaidi ya karne mbili baadaye. Mkusanyo wake wa mwaka 1745 ulikuwa na michoro 17 ya wachoraji wa Venice, akina Titian, Tintoretto na Veronese, iliyogawanywa katika kurasa 24, na aliikandamiza karatasi kwa nguvu hata ikabaki na mabonde na miinuko inayoonekana mwanga ukipita ubavuni.

Kuhusu swali lako la pili, mtakatifu yule ni Petro wa Verona, mfiadini, na mchoro uliokamilishwa na Titian mwaka 1530 kwa ajili ya kanisa la Santi Giovanni e Paolo mjini Venice uliteketea kwa moto mwaka 1867. Ndiyo maana chapa za namna hii, pamoja na nakala za rangi zilizobaki, zimekuwa mashahidi wetu. Zitegemee kwa mpangilio wa watu na miti, na kwa mahali mwanga ulipoangukia, maana hayo ndiyo mchongaji aliyoyashughulikia kwa uangalifu. Usizitegemee kamwe kwa rangi, kwani kahawia ile ni chaguo la mchapaji. Tahadhari nyingine ni ya upande: kibao hugeuza picha kama kioo, na mchongaji asipoigeuza kwanza alipoichora juu ya mbao, mkono wa kulia wa muuaji utaonekana kuwa wa kushoto.