Mama anashinda kitini, ngozi imebadilika

SWALI: Mama ana miaka 71, amepooza miguu. Pale anapokalia pamekuwa peusi zaidi na pana joto. Nimkande? Msomaji, Igoma, Mwanza.

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Kukanda kunaumiza zaidi nyama iliyokwisha kukosa damu. Hicho ni kidonda cha mgandamizo kinachoanza, yaani cha kukalia mahali pamoja muda mrefu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo pima kwa mgongo wa kiganja: joto, ugumu, uvimbe.

Kwanza mtoe kitini, alale ubavu, ukimgeuza kila baada ya saa 2, mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Akirudi kitini, aegemee mbele kila dakika 15 hadi 30. Mpira wa duara wa upepo wa kukalia uacheni. Unabana damu pembeni. Ili ngozi ipone, dagaa na maharage asikose. Ngozi ikichubuka, kituo cha afya siku hiyohiyo.