Doom hafi mapema

Ndugu yangu, umeuliza kama Doctor Doom, adui mwenye kinyago katika hadithi za mashujaa wa Marvel, atauawa mwishoni mwa Avengers: Doomsday, filamu iliyopangwa kutoka Desemba 2026. Kwa maoni yangu hafi, kwa sababu filamu ya Avengers: Secret Wars imepangwa kufuata mwaka unaofuata, na adui mkubwa kama huyo hamalizwi katikati ya safari. Isitoshe, waongozaji ni wale wale ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, ambao mwaka 2018, mwishoni mwa Avengers: Infinity War, walituachia adui Thanos ameketi peke yake akitazama jua, huku nusu ya viumbe wamegeuka vumbi. Tulipotoka kwenye banda la video hapa Ngamiani hakuna aliyesema neno, hata muuza kashata wa mlangoni akauliza kama umeme umekatika. Wanaodai kwamba Doom ni Tony Stark, yaani shujaa Iron Man, wa ulimwengu mwingine, kwa kuwa wote wanaigizwa na Robert Downey Jr., hawajanishawishi. Nadhani sura hiyo itatumika kama mtego: kinyago kitavuliwa, mashujaa watasita kupiga, na kusita huko ndiko kutakakompa Doom ushindi.