Gugu maji haliimalizi metali ya risasi, huibeba tu

Kila anayetaka kusafisha majitaka kwa mimea huniuliza, "Nipande nini?" Nami humuuliza kwanza: ukishavuna, utapeleka wapi?

Swali hilo nililipata kwenye bwawa la majitaka ya karakana moja ya kuchovya vyuma ili vipate ngozi ya metali nyingine. Tulitandaza magugu maji, na baada ya wiki chache vipimo vya shaba na zinki vikashuka. Tukafurahi, tukayaacha. Majani yakageuka kahawia, yakalala, yakazama. Vipimo vilivyofuata vikapanda tena, kwa sababu gugu linapooza hurudisha majini kile lilichokibeba.

Metali nzito, kama risasi, zebaki na kadimi, haiozi ikaisha. Risasi ni risasi tu, iwe majini, kwenye mzizi au kwenye tope. Ng'oa gugu moja ulitazame: mizizi yake inaning'inia kama manyoya meusi yaliyolowa. Humo ndimo metali nyingi hunasa. Inayopanda majanini ni kidogo. Kwa hiyo usifyeke majani ukaacha mizizi. Toa mmea mzima, ungali mbichi na unakua, na uvae glavu.

Ukishautoa, usiwape mifugo, usifanye mboji, wala usiuchome ovyo, maana kadimi na zebaki huondoka na moshi. Uanike kwenye sakafu ya saruji yenye mfereji unaorudisha matone bwawani. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugu maji ni maji, kwa hiyo mzigo utapungua sana. Kinachobaki ni taka hatari, na kina dampo lake maalumu.

Majitaka yenye tindikali kali yatie chokaa kwanza. Sehemu kubwa ya metali itatuama kama tope, mimea imalizie masalio. Wanaoitegemea mimea peke yake huishia na mizizi iliyoungua.

Kama maji ya bwawa yanatoka kwenda mtoni, achana na magugu maji, yatauvamia mto. Panda matete. Hayo hushikilia metali mizizini na topeni kwa miaka, ila tope nalo litahitaji kuchimbuliwa siku moja.

Na maji yakitakata, tafadhali usiyanywe. Shirika la Afya Duniani linataka risasi kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na kiasi hicho jicho halikioni.

Sasa tunang'oa robo ya bwawa kila wiki, tukianzia majitaka yanapoingilia. Mizizi ya huko ndiyo hushiba mapema.