Kujenga karibu na kinamasi Massachusetts, Marekani

Ndugu, umeuliza kama unaweza kujenga kibanda nyuma ya nyumba, mita ishirini tu kutoka kwenye kinamasi, bila kuhusisha kamati ya uhifadhi ya mji. Usiguse udongo kwanza. Sheria ya jimbo inaipa kamati mamlaka ndani ya futi 100, yaani mita 30 hivi, kutoka ukingo wa kinamasi. Kando ya mto wa kudumu, kwa kawaida futi 200. Miji mingi ina kanuni kali zaidi.

Peleka ombi la maandishi kwa kamati waamue kama kazi yako inahitaji kibali. Wana siku 21 kujibu. Wajumbe ni wakazi wenzako, watatu hadi saba, wengi wanajitolea. Waalike waje waone eneo. Kinamasi hicho ndicho kinachomeza maji ya mafuriko yasifike kwa majirani.